Kinywa hakifunguki, na harusi ya binti yangu iko mlangoni

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 46, nauza tambuu, yale majani ya kutafuna yanayofungwa na popoo na chokaa, hapa Bondeni, Mombasa, kwenye kibanda alichoniachia marehemu babangu. Yeye naye alikirithi kwa mjombake. Kwa hiyo nikisema kazi yangu ni tambuu, ujue nataja ukoo. Watoto wangu wanne wamekula na kusoma kwa majani haya ninayoyafunika gunia bichi kila asubuhi yasinyauke.

Nilianza kutafuna nikiwa na miaka 13. Kwanza zile tamu zilizobaki jioni, za nazi na rangi. Kisha popoo, ile kokwa ngumu, na chokaa. Kisha tumbaku. Sasa ni kama tambuu kumi na tano kwa siku, na usiku wa Ramadhani, watu wakitoka tarawehe, sihesabu. Sigara mbili tatu pia zimo. Pombe sijaonja maishani.

Mambo yalianza kwa pilipili. Kama miaka minne iliyopita viazi vya karai vikaanza kunichoma kinywa kizima, nikasema ni pilipili za siku hizi. Halafu achari. Halafu hata chai ya tangawizi. Mwaka jana nikaona hamri zima haliingii, sharti nilimege. Mke wangu siku hizi ananikatia nyama vipande vidogo kama vya mtoto, wala hajaniuliza kwa nini.

Ndani ya shavu la kushoto pana utando mweupe usiofutika hata kwa mswaki, na karibu na gego la mwisho kuna kidonda. Hakiumi sana. Kiko wiki ya saba sasa. Sikio la upande huo ndilo linalonikera usiku.

Nilikwenda kliniki moja nikidhani ni gego. Aliyenipokea aliniambia nipanue kinywa, vidole vyake viwili havikupita. Akasema kwa sauti, na watu wamekaa kwenye benchi pale mlangoni: "Wewe ni wa tambuu, si ndiyo? Hii yaweza kuwa kansa. Lazima ukatwe kinyama kipimwe." Nikamwambia natoka kidogo nikatoe pesa kwenye simu. Sikurudi.

Mama, nisikilize kwa nini sikurudi. Binti yangu wa kwanza anaolewa mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, In Shaa Allah. Posa imepokewa, nusu ya mahari imetolewa, na mauzo ya Ramadhani ndiyo yatakayolipa pilau. Nikipasua habari kama hii sasa, upande wa pili watasema nini? Na kuna mzee mmoja, mteja wangu wa zamani, naye alikatwa kinyama kama hicho. Miezi mitatu tukamzika. Barazani wote wanasema kansa ikiguswa na kisu husambaa.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Juzi nimemkuta kijana wangu wa miaka 16 ana kitu shavuni. Nikanyanyua mkono nimpige, mkono ukabaki hewani. Nitamwambia nini, na mdomo wangu mwekundu? Tena watoto wa madrasa huja na shilingi kumi zao za tambuu tamu nami huwauzia. Wakubwa nimekuwa nikiwaambia waache tumbaku wabaki na popoo, maana popoo ni tunda la mti tu.

Ninyamaze harusi ipite? Nimwambie nani? Na hiki kibanda nikifanye nini? Hata naandika haya nimeweka popoo shavu la kulia. La kushoto halitaki tena.

Muuza tambuu, Bondeni

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilisita pale kwenye nyama iliyokatwa vipande vidogo. Nitarudi hapo. Niruhusu kwanza nikueleze ninavyokuelewa, unisahihishe nikikosea.

Una kinywa kinachokaza, kimeota utando na kidonda. Umeambiwa neno zito mbele za watu, ukaondoka na aibu na hofu kwa pamoja. Mbele yako kuna harusi ambayo huitaki iguswe na habari mbaya, na fedha za harusi hiyo zatoka kwenye kitu kilekile unachoshuku kimekudhuru. Nyuma yako yuko kijana anayekufuata. Ukiyapanga hivyo, naona kwa nini ulikwenda kutoa pesa usirudi. Na aliyekusemesha vile, mbele ya benchi zima, alikukosea hata kama aliyoyasema yalikuwa na msingi. Ugonjwa wa mtu una sitara yake.

Sasa nikuulize: umeshaamua kwamba ni kansa? Maana barua yako yote imeandikwa na mtu aliyekwisha kujihukumu. Mimi si daktari na siwezi kukuona kinywa kutoka hapa. Ila kukaza kwa kinywa, kuchomwa na pilipili zilizokuwa hazikusumbui, na mashavu kuwa magumu, ni hali ambayo madaktari wa kinywa wanaifahamu vizuri sana kwa watafunaji wa popoo. Chokaa ndiyo inayoifanya popoo itoe nguvu zake, ndiyo maana bila chokaa mtu huhisi hajatafuna kitu. Lakini chokaa hiyohiyo huichubua ngozi laini ya ndani, maji ya popoo yakapenya, na mwili ukajibu kwa kujaza nyuzi ngumu chini ya ngozi. Mwaka baada ya mwaka shavu likawa kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Hali hii yenyewe si kansa. Wengi walio nayo hawafiki huko. Wapo wanaofika, na ndiyo sababu mwenye hali hii hutakiwa aangaliwe kinywa mara kwa mara maisha yake yote. Utando mweupe nao ni vivyo hivyo: mara nyingi hauna baya, mara nyingine ndani yake mna chembe zilizoanza kubadilika. Kwa macho matupu hata daktari bingwa hawezi kuapa.

Kidonda cha wiki saba ndicho kinachonishughulisha zaidi. Vidonda vingi vya kinywani hupona ndani ya wiki mbili. Kikipita tatu, madaktari hutaka kukiona, hata kama hakiumi. Saratani ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi, ndiyo hila yake. Na sikio la upande mmoja kuuma ilhali sikioni hamna kitu, hilo nalo litaje utakapokwenda, maana kinywa, koo na sikio zina mishipa ya fahamu inayoshirikiana. Ukishika shingo, chini ya taya, kuna uvimbe wowote? Sauti imekuwa na mikwaruzo? Kumeza kunakwama? Hukuyaandika haya, na pengine ni kwa sababu hayapo. Yatazame hata hivyo.

Tuje kwenye kisu. Huyo mzee mteja wako, Mungu amrehemu, alikwenda hospitali baada ya muda gani wa kuumwa? Nauliza kwa sababu hadithi hii nimeisikia Majengo, nimeisikia Likoni, na kila ninapododosa nakuta mgonjwa alikaa mwaka mzima na majani, na asali, na kuombewa, kisha akapelekwa hali imeshakuwa mbaya. Kisu kikafika mwisho, kikatupiwa lawama zote. Kukata kipande kidogo cha nyama kwa ganzi, kikapelekwa maabara, hakuenezi saratani ya kinywa. Ndiyo njia ya kuijua ilivyo, au kujua kwamba haipo. Na tofauti ya kuchelewa ni kubwa: takwimu za Marekani, zinazohesabu saratani za kinywa na koo pamoja, zinaonyesha kwamba wanaogunduliwa ingali mahali ilipoanzia, zaidi ya wanane katika kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Ikishasambaa mbali mwilini, hawazidi wanne. Marekani si Makadara, najua. Lakini mteremko ni uleule.

Nami nikuombe ulifikirie upya lile la popoo kuwa tunda la mti tu. Sikulaumu, wengi wanaamini hivyo, na kwa miaka mingi hata wataalamu walikuwa wameshika zaidi tumbaku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani. Wakaendelea kuchunguza. Mwaka 2003 jopo lao likafikia kwamba hata tambuu isiyo na tumbaku husababisha, na popoo yenyewe peke yake wakaiweka kundi hilohilo la kwanza, pamoja na sigara. Kwa hiyo wale uliowashauri waache tumbaku umewapunguzia mzigo mmoja, maana tumbaku na popoo zikikutana hatari huongezeka. Mzigo wa pili bado wanao. Huna pombe, alhamdulillahi. Sigara na pombe zikiwa pamoja huzidishana hatari, hasa ya koo na kinywa. Lakini sigara zako mbili tatu usizifanye ndogo kwa sababu tu ziko pembeni ya tambuu kumi na tano.

Haya, harusi.

Umeweka njia mbili tu: kunyamaza hadi mfungo mosi, au kupasua habari kwa watu wote. Je, katikati hamna kitu? Kwenda kupimwa si lazima kuwe tangazo. Unaweza kwenda asubuhi moja katikati ya wiki hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ukaomba kitengo cha meno na kinywa au cha masikio, pua na koo, na upande wa wakwe usijue kitu. Jibu laweza kutoka kabla hata kadi hazijachapwa. Huenda likawa la kukupa usingizi. Huenda likawa zito, na hapo utakuwa na uamuzi mgumu wa kufanya katikati ya maandalizi, sikufichi hilo. Kuna mtu atakayeona afadhali asijue. Naielewa hofu hiyo. Ila kutojua nako kuna gharama, na kwa kidonda cha namna yako gharama hiyo hulipwa kwa wiki. Ukinyamaza hadi harusi ipite utakuwa umekipa kidonda miezi kadhaa zaidi, na utaketi ukumbini unapokea mikono ya watu huku ulimi unakigusagusa. Pia fikiria hili: ikiwa ni jambo la kutibiwa, tiba ya mapema huwa fupi, pengine upasuaji mdogo. Ya kuchelewa huja na upasuaji mkubwa na mionzi kwa wiki nyingi, na hiyo hula fedha na nguvu za familia nzima, bibi harusi akiwemo. Je, jina lako lipo SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024? Kama halipo, hilo fanya leo, lolote utakaloamua juu ya mengine.

Nani umwambie? Hapa ndipo narudi kwenye nyama.

Mwanangu, mwanamke anayekukatia nyama vipande vidogo bila kuuliza, unadhani hajui? Ameona hamri likimegwa. Amesikia ukigeuka usiku kwa sikio. Pengine naye anangoja wewe useme, kama wewe unavyongoja harusi ipite, na kila mmoja anamsitiri mwenzake kwa siri ambayo wote wawili mnayo. Naweza kuwa nakosea, unamjua wewe. Lakini kama nikiulizwa ni nani katika barua hii yuko tayari kukaa nawe kwenye lile benchi la kliniki, nimemwona huyo mmoja. Upo uwezekano ataogopa, alie, amwambie dadake. Hiyo ni hatari ya kweli katika mji wetu huu wa madirisha yanayotazamana. Ukichelea hivyo, je, hakuna nduguyo wa kiume mwenye kifua?

Kijana ni mlango mgumu kuliko yote, na sina dawa yake mkononi. Nina swali. Ule mkono uliobaki hewani, je, yeye aliuona? Pengine ulimwambia zaidi ya ambavyo kofi lingesema. Vijana wa miaka 16 wana pua kali ya unafiki, na baba mwenye mdomo mwekundu akihubiri kuacha tambuu atachekwa barazani. Lakini baba anayesema "tazama, vidole viwili havipiti, nami nilianza nikiwa mdogo kuliko wewe" hahubiri. Anaonyesha. Itakugharimu heshima kidogo mbele ya mwanao, au utadhani imekugharimu. Muulize pia maskani kunatumika nini kingine. Zogo la Mei 2024 la muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, kaunti kupiga marufuku na mahakama kusitisha, lilitufanya tuzungumze jani moja tu, na kwa upande wa saratani ushahidi juu ya miraa na muguka haujawa mzito kama wa popoo na tumbaku. Mara nyingi lakini muguka hauendi peke yake: kuna sigara ya kusindikizia, na kuna shisha, ambayo serikali iliipiga marufuku mwishoni mwa 2017 na bado inavuta wateja gizani. Watu husema moshi wa shisha umeoshwa na maji. Maji huupoza tu, sumu hupita.

Na katika hao wanne, yupo msichana wa miaka kumi hivi? Tangu 2019 serikali inawachanja wasichana wa umri huo bure dhidi ya virusi vya HPV. Wengi wanaijua kama chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, lakini virusi hivyohivyo husababisha pia saratani za nyuma ya ulimi na za tonsili, hata kwa watu wasiovuta wala kutafuna chochote. Nalitaja kwa kupita, kwa kuwa umesema unao watoto.

Kibanda sasa. Naona umekiweka kama suala la kukifunga au kukiacha kama kilivyo. Huenda liko hivyo, huenda haliko. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 hairuhusu kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hapo huna pa kuchagua. Zile tamu za shilingi kumi hazina tumbaku, lakini popoo imo, nawe ulianzia hapohapo. Jani, nazi, hiliki, shamari, jamu ya mawaridi, karafuu: kijaluba kizima hicho hakina popoo. Wateja wa zamani watakucheka na wengine watahama kwa jirani, na Ramadhani ndiyo mbaya zaidi ya kujaribu jambo jipya. Lakini mtoto wa madrasa mwenye shilingi kumi anataka utamu na rangi ya mdomo, hajui popoo ina nini. Unaweza kuanzia kwake bila kumwambia mtu. Mauzo yatapungua kwa kiasi gani, wewe ndiye mwenye daftari.

Kuhusu kuacha wewe mwenyewe: miaka 33 haikatiki kwa barua ya mama wa gazetini. Popoo ina ulevi wake, na tumbaku ina wake, ukiziacha pamoja utasikia kichwa, hasira, na kinywa kutafuta kitu. Wengine hupunguza kwanza, wengine hukata siku moja; ipo namba ya bure ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ya kuzungumza na mtu. Shavu lililokwisha kukaza huenda lisilegee kabisa hata ukiacha, nisikudanganye. Yapo mazoezi ya kupanua kinywa na sindano zinazosaidia kiasi. Lakini kuacha huzuia mengi yasiongezeke, na hatari ya saratani huanza kushuka kadiri miaka inavyopita. Popoo uliyohamishia shavu la kulia, mwanangu, inalifundisha shavu hilo njia ya mwenzake.

Ukiamua kwenda, waambie yote: unatafuna nini, tangu lini, ngapi kwa siku, unalaza upande gani, na zile sigara. Usipunguze hesabu kwa haya. Waombe mlango ufungwe kabla hujafungua kinywa. Ni haki yako kuomba hivyo. Wengi wanaofanya kazi pale wamekulia mji huuhuu, na tambuu ya arusi wameila, hawatashangaa.